Nasaba ya Seli na Lawama ya Mwenye Kupokea Bila ya Kuuliza

Mmoja katika vijana wetu wasomao ilimu ya tiba ametuletea swali, nasi tumeona kuwa si swali lake peke yake. Asema kwamba katika maabara hupewa kichupa chenye seli za saratani ya ubongo, na juu ya kichupa pameandikwa jina. Huzilisha seli zile, huzijaribia dawa, kisha huandika aliyoyaona. Auliza: ikidhihirika baadaye kuwa jina lile silo, je, yeye ana lawama? Na waliomtangulia, waliozitumia seli zizo hizo kwa jina lilo hilo miaka makumi kwa makumi, nao tuwahukumu vipi?

Huenda msomaji akasema: sisi ni watu wa mji, hatuna hadubini wala maabara, tuna nini na haya? Twamjibu kuwa yeye, au mkewe, au mwanawe, ndiye atakayelala kitandani siku ya kutolewa hukumu, na hukumu yenyewe ni jina. Katika saratani za ubongo iko iitwayo glioblastoma. Utafiti mkubwa wa Ulaya na Kanada uliotangazwa mwaka wa 2005 ulionyesha kuwa wagonjwa wake waliopewa miale pamoja na dawa ya temozolomide, nusu yao waliishi miezi 14.6 au zaidi. Waliopewa miale peke yake, ni miezi 12.1. Na iko nyingine iitwayo oligodendroglioma, ambayo seli zake zimepotewa na mkono mfupi wa kromosomu ya 1 na mkono mrefu wa kromosomu ya 19. Wenye uvimbe wa namna hii, hata ukiwa wa daraja kali, walipopewa miale pamoja na dawa tatu zijulikanazo kwa herufi za PCV, nusu yao waliishi miaka 14.7 au zaidi, na kwa miale peke yake ni miaka 7.3. Khabari hii ilitoka mwaka wa 2013. Basi huku ni miezi kumi na minne, na huku ni miaka kumi na minne. Na vimbe hizi mbili, baadhi ya nyakati, hufanana chini ya hadubini hata mtaalamu mzoefu akababaika. Mwenye kuitia hii jina la ile amempa mgonjwa dawa isiyo yake, na amempa muda usio wake wa kujitayarisha na kuwatayarisha watu wake.

Majina haya hupatikana vipi? Ubongo ukikatwa kipande chembamba ukatazamwa hivi hivi, hauonyeshi kitu cha maana; ni kama kutazama uji. Yataka rangi. Mwaka wa 1873 tabibu wa Kitaliani, Camillo Golgi, alipata njia ya kuutia ubongo dawa ya dikromati, kisha nitrati ya fedha, na seli chache miongoni mwa nyingi zikageuka nyeusi, kila moja na matawi yake yote, na zilizobaki zikakaa bila ya rangi. Kwa nini rangi hii huchagua hizi na kuziacha hizi, hata leo halijafahamika sawasawa. Mspania Santiago Ramón y Cajal aliichukua njia hiyo akaitengeneza zaidi. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Golgi alitazama akasema kuwa ubongo ni wavu mmoja ulioungana; Cajal alitazama kwa rangi ile ile akasema kuwa kila seli imesimama peke yake. Mwaka wa 1906 walipewa zawadi ya Nobel pamoja, na kila mmoja akasimama kuhutubia akiishikilia kauli yake. Waliokuja baada yao waliona kuwa haki ilikuwa upande wa Cajal.

Lakini Cajal naye alifikwa na lake. Mbali na seli zipelekazo khabari, ambazo ni niuroni, ubongo una seli nyingine ziitwazo glia, nazo ndizo vimbe zile mbili tulizozitaja hunasibishwa kwazo. Cajal alizijua zile zenye umbo la nyota, yaani astrositi. Zilizobaki aliziweka fungu moja, akaliita kitu cha tatu. Pío del Río Hortega, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara yake hapo Madrid, alitumia dawa nyingine ya fedha, na mwaka wa 1919 akaonyesha kuwa fungu lile ni mafungu mawili: mikroglia na oligodendroglia. Cajal hakulikubali upesi hili la pili, na neno la Cajal lilikuwa na uzito mkubwa. Mwaka wa 1924 tabibu kijana, Wilder Penfield, alifunga safari kutoka Marekani mpaka Madrid, akajifunza rangi ile mikononi mwa Hortega mwenyewe, akaziona seli kwa macho yake, akathibitisha. Hakutosheka na kusoma kuwa fulani amesema na fulani amekataa. Twakumbuka hapa wanazuoni wa hadithi waliokwenda mwendo wa mwezi kwa ajili ya kuisikia khabari moja kinywani mwa mwenye nayo, na ambao hawakuuliza maneno tu bali waliuliza pia: ni nani aliyekupa?

Rangi za fedha zilitaka mkono mwepesi na subira, na mara nyingi zilikataa pasipo sababu ya kujulikana. Siku hizi njia itumiwayo zaidi ni ya kingamwili. Mnyama kama sungura akidungwa protini ngeni, mwili wake hutengeneza kingamwili za kuishika protini ile. Mwaka wa 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walionyesha njia ya kupata kingamwili ya namna moja tu, isiyochanganyika na nyingine, kwa kadiri itakiwayo. Basi kipande cha uvimbe hutiwa dawa kisioze, kikazamishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba mno, vya maikroni nne au tano, hata mia mbili zake zikipangwa pamoja hazizidi milimita moja. Kipande huwekwa juu ya kioo, kikamiminiwa kingamwili, kisha dawa ya kuleta rangi. Na palipo na protini inayotafutwa huonekana kahawia. Protini iitwayo GFAP, aliyoivumbua Lawrence Eng na wenziwe wakaitangaza mwaka wa 1971, ni alama ya astrositi. NeuN ni alama ya niuroni. Iba1 ni alama ya mikroglia. Olig2, kama jina lake lionyeshavyo, ilijulikana kwa ukoo wa oligodendrositi.

Haya yote ni mazuri, wala sisi si watu wa kuidharau kazi ya mikono ya watu. Walakini alama si kitu chenyewe. Olig2 huonekana pia katika vimbe nyingi za ukoo wa astrositi, kwa hivyo mwenye kuiona peke yake akasema "hii ni oligodendroglioma" amehukumu kwa shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe hufahamiana na pande zote mbili. GFAP nayo, seli ya saratani ikizidi kuharibika yaweza kuiacha, kama mtu avuavyo kanzu. Hakuwa mtu mwingine kwa kuivua.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa CD133. Mwaka wa 2004 watafiti wa Toronto, wakiongozwa na Peter Dirks, walitangaza kwamba seli za uvimbe wa ubongo zenye alama hiyo, mia moja tu zikipandwa katika ubongo wa panya, zaweza kuotesha uvimbe. Na zisizo nayo, hata zikifika laki moja, haziotishi. Watu waliipokea khabari hii kwa furaha, kwani ilionekana kuwa mzizi wa ugonjwa umepatikana, tena una alama juu yake. Haikupita miaka minne, wengine wakaonyesha kuwa ziko seli zisizo na CD133 ambazo nazo huotesha uvimbe. Watu wa Toronto hawakusema uongo, waliyoyaona waliyaona. Tatizo lilikuwa kwa walioifanya alama kuwa ndiyo seli yenyewe, wakaandika "seli za CD133" kana kwamba hilo ni kabila.

Wataalamu wenyewe wamekwisha kulitambua hili. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lilibadili kanuni za kuziita vimbe za ubongo, ikawa umbo la seli halitoshi mpaka jeni nazo zitoe ushahidi wao. Liko jina lililokuwa likitiwa juu ya vimbe zilizoonekana kuwa mchanganyiko, oligoastrositoma. Zilipopimwa jeni, nyingi katika hizo zilionekana kuwa ama ni za huku au ni za huko. Jina hilo likakaribia kuachwa, na katika toleo la mwaka wa 2021 halimo tena. Fikiri ni watu wangapi waliorudi nyumbani na jina hilo katika karatasi zao.

Mpaka hapa tumesema juu ya kipande kilichotoka kwa mgonjwa moja kwa moja. Swali la kijana wetu lakhusu kitu kingine, nacho ni ukoo wa seli. Seli huchukuliwa kutoka uvimbe wa mtu mmoja, zikaoteshwa katika sahani, zikagawanyika na kugawanyika, zikapelekwa kutoka maabara hii mpaka hii, hata mwenyewe akawa amekwisha kufa zamani na seli zake zingali zaishi. Sisi twajua nasaba zetu kwa kupokea: baba amesema, na babu alisema, na majirani wanashuhudia. Seli iliyo ndani ya kichupa haina jirani. Ina karatasi iliyobandikwa, basi.

Katika miaka ya 1960, huko Uppsala nchini Uswidi, Jan Pontén na wenziwe walifaulu kuotesha seli za vimbe kadhaa za ubongo. Mmoja katika koo hizo uliitwa U87 MG. Ukaenea, ukawekwa katika hazina kubwa ya seli ya Marekani iitwayo ATCC, na kutoka hapo ukapelekwa ulimwenguni kote. Makala yaliyoandikwa kwa seli hizo ni mamia kwa mamia. Kisha mwaka wa 2016, Uppsala hiyo hiyo, Bengt Westermark na wenziwe walirudi kwenye akiba ya zamani. Walikuwa na U87 yao wenyewe ya asili, na walikuwa na vipande vya uvimbe wa yule mgonjwa wa kwanza vilivyohifadhiwa. Wakalinganisha DNA. Seli zilizobaki Uppsala ziliafikiana na mgonjwa. Seli zilizotoka katika hazina ya Marekani hazikuafikiana naye. Zilikuwa za mtu mwingine. Watafiti wale waliongeza, na ni haki tuongeze nasi, kwamba seli hizo za hazina, kwa jinsi jeni zake zifanyavyo kazi, zaelekea kweli kuwa ni za glioblastoma. Kwa hivyo ugonjwa ni ule ule, na mwenye ugonjwa hajulikani. Wala si U87 peke yake: ukoo mwingine wa Uppsala, U-373 MG, ulionekana kuwa kile kilichoenea kwa jina hilo ni ukoo mwingine kabisa, U-251.

Jambo hili halikuanza kwa ubongo. Mwaka wa 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, zilichukuliwa seli za saratani ya mlango wa kizazi kutoka kwa mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, bila ya yeye kuombwa ruhusa. Seli zake, zilizoitwa HeLa, ziliota kwa nguvu isiyopata kuonekana. Mwaka wa 1966 Stanley Gartler alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu akawaambia kuwa amepima koo 18 za seli, zilizosemwa kuwa zimetoka kwa watu mbalimbali, na zote zina namna moja ya kimeng'enya cha G6PD (ambacho wengi wetu hapa pwani twakisikia kwa madaktari ikitajwa dawa ya malaria). Namna hiyo hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, na baadhi ya koo zile zilisemwa kuwa ni za wazungu. Maana yake ni kuwa HeLa ilikuwa imeingia ndani ya sahani za wengine, ikawala wenyeji, ikakaa kwa majina yao. Waliokuwapo hawakufurahi. Baada yake akatokea Walter Nelson-Rees wa California, aliyechapisha katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 orodha za koo zenye majina yasiyo yake. Watu walimwona mkali, mwenye kuwaumbua wenziwe hadharani.

Na tazama yaliyompata mwenye seli. Kwa miaka mingi alitajwa kwa jina la Helen Lane, ambalo si lake. Na jamaa zake walipata kujua kuwa seli za mama yao zingali hai katika miaka ya 1970, pale watafiti walipowaendea kuwataka damu. Na haja yao ya damu ile ilikuwa kupata njia ya kuzitambua HeLa zilizoingia mahali pasipo pake. Yaani maabara zilikuja kuutafuta mlango wa wenyewe siku zilipopotewa na nasaba. Kabla ya hapo hazikuona haja.

Sasa turudi kwenye lawama. Wako wasemao kwamba hakuna lawama hata kidogo, kwani lau kila mtu angehakiki kila kitu, kazi isingetendeka. Mwenye maabara hapimi maji yake kama ni maji, wala mwenye duka hafungui kila gunia la mchele. Ilimu yote yasimama juu ya kuaminiana. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuitupi. Lakini mwenye duka, akisikia kuwa magunia ya chapa fulani yameonekana na mchanga, kisha akauza bila ya kufungua hata moja, hatuwezi tena kumwita mwenye kuamini. Huyo ameamua asijue.

Na kusikia kumekwisha kuwapo. Tangu mwaka wa 1966 khabari ilisemwa hadharani. Na njia ya kupima imekwisha kuwapo pia: iko iitwayo STR, ambayo ni ile ile itumiwayo mahakamani kujua damu ni ya nani. Mahali fulani katika DNA maneno mafupi hujirudia, na hesabu ya kujirudia huko hukhitilafiana kati ya mtu na mtu. Mwaka wa 2001 wataalamu walipendekeza kiwe ndicho kipimo cha koo za seli, na tangu 2012 iko kamati ya kimataifa, ICLAC, yenye daftari la koo zilizojulikana kuwa na majina ya uongo, nalo ni wazi kwa kila mwenye kutaka kulisoma. Gharama ya kipimo ni ndogo mno mbele ya miezi ya kazi na fedha za dawa.

Kwa hivyo sisi twaona kuwa lawama haimfuati mtu kwa sababu ya kupokea. Waliozitumia seli hizi katika miaka ya 1970 kwa nia safi, wakaandika kwa uaminifu waliyoyaona, hawana lawama, na kazi yao ni amana mikononi mwetu. Lawama yamfuata aliyepata njia ya kuuliza, nayo i mlangoni mwake, akaipita. Na iliyo kubwa kuliko hiyo ni ya yule aliyepima, akajua, akanyamaza kwa kuwa makala yake yamekwisha kutoka na cheo chake kimesimama juu yake. Huyo si mwenye kukosea; ni mwenye kuficha aibu ya bidhaa. Na twashangaa kuwa wengi walimwonea ghadhabu Nelson-Rees kwa ukali wa ulimi wake kuliko walivyojionea haya wenyewe kwa yale aliyoyasema. Adabu ya kusahihisha ni jambo la kutakiwa, walakini kutafuta kosa katika sauti ya mwenye kuonya, ili usisikie onyo, ni hila ya zamani.

Mtu mmoja katika darasa alisema: kwa kuwa U87 ya hazina ni glioblastoma vile vile, madhara yako wapi? Amesema kweli nusu. Bahati iliokoa nusu hiyo, si uangalifu. Lau karatasi ile ingebandikwa juu ya HeLa, dawa ya ubongo ingejaribiwa juu ya saratani ya kizazi miaka hamsini, na hakuna ambaye angejua mpaka wagonjwa wenyewe walipoanza kuinywa. Na hata katika nusu iliyookoka, seli ile imekatwa na historia ya mwenyewe: alikuwa wa umri gani, uvimbe wake ulikwenda vipi. Haya tabibu huyahitaji.

Basi jibu letu kwa kijana wetu ni hili. Seli zifikapo mikononi mwake, azipime siku hizo hizo kabla ya kuzigawa, na sehemu yake aigandishe na kuiweka, iwe ushahidi. Azipime tena kabla ya kuandika. Katika maandishi yake ataje amezitoa hazina gani na lini, wala asitosheke na neno "U87" peke yake, kwani sasa liko juu ya watu wawili. Makala ya zamani asiyachane wala asiyatukane. Pembeni yake aandike kwa kalamu kuwa hizi ni seli za glioblastoma, mwenyewe hajulikani, kisha ayasome kwa kipimo hicho. Apatapo kipande cha mgonjwa, asihukumu kwa alama moja, na aulize kama mgonjwa ameambiwa kinakwenda wapi. Na maalim wake akimwambia kuwa haya yataichelewesha kazi, amwombe kwa adabu majuma mawili.